Aliyekaa Kati ya Karibu na Mbali

Teódulo Beltré alivaa miwani mpya Jumamosi baada ya chakula cha mchana, na kabla kahawa haijapoa alikuwa ameshaanguka jikoni. Kidato chenyewe cha kushukia humo kilikuwa kimoja tu. Kwa miaka yote amekishuka akiwa na usingizi, akiwa amelewa, akiwa na mtungi wa gesi begani; leo kilimjia juu bila hodi.

"Geuza pua, siyo macho," alisema mkewe, Ysaura, bila kuacha kuosha sahani. "Daktari si kakwambia? Unachotaka kukiona, kielekezee pua."

Ndivyo alivyoambiwa. Juu ya kioo ni pa kuonea mbali, chini ni pa kusomea, na katikati kuna uchochoro mwembamba wa vitu vilivyo umbali wa mkono. Pembeni hamna kitu, ukungu mtupu. Atayumba wiki mbili, kisha atazoea, ila asithubutu kurudia miwani ya zamani, maana macho yakidekezwa hayazoei ng'o. Ysaura anamjua mtu wake. Ile ya zamani alikuwa ameshaigawa kanisani.

Saa kumi akaenda kucheza dhumna nje ya duka la Fefa, pua mbele, akinyanyua magoti kama jogoo anayevuka dimbwi. Wanawake waliokuwa wakisukana barazani walimcheka kwa raha zao.

"Teódulo, barabara inakuuma?"

"Inauma wambea," akajibu, akajikwaa.

Wapinzani walikuwa walewale: Fefa mwenye duka na Ogando kinyozi. Mbele yake, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwa Persio, mwenza wake wa mezani tangu ujana, aliyemsimamia binti yake ubatizo, ndiyo maana wakaitana kompadre. Katika dhumna ya wanne mwenzako hakai ubavuni. Mnakaa uso kwa uso, meza katikati. Na mwiko mkubwa ni kusemeshana. Ukimwambia mwenzako neno, hata ukikohoa vibaya, Fefa anamwaga kete zote na kukuita mwizi mbele ya wanao.

Teódulo akainamisha macho kwenye kete zake, akaona kila nukta. Raha iliyoje! Kwa muda mrefu amekuwa akizisoma kwa kuzipapasa na kidole gumba, kama anayepukuchua mahindi. Akatazama meza, akaiona. Akaelekeza pua kwa Persio, na pale, ndani ya uchochoro ule mwembamba, akaona kwamba Persio amekufa.

Hapakuwa na ubishi. Rangi yake ilikuwa ya majivu. Shati lilikuwa lile jeupe alilozikwa nalo, limefungwa mpaka kifungo cha shingo, yeye ambaye hata siku ya harusi alikataa kukifunga. Kiganja cha kulia kilikuwa cheusi tii, kimeungua. Nzi alimwingia kifuani, akatokea mgongoni, akaenda zake kwenye sukari.

"Cheza," alisema Fefa.

Teódulo akacheza tano-tatu.

"Persio amekufa," akasema.

"Tangu Agosti," alisema Ogando. "Zamu yangu, eti?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Hatukukwambia? Bwana we, jeneza ulilibeba mwenyewe!"

Kweli alilibeba. Na siku zote za matanga alikaa uani kwa marehemu, akanywa kahawa yao na kucheza dhumna kama kawaida ya matanga, na kila aliyepita alimwambia marehemu ni Persio. Lakini Persio alikuwa amekaa mbele yake, kete mkononi, ukungu uleule wa bluu aliouzoea kwa miwani ya zamani. Akajua watu wamechanganya majina, huzuni huleta hayo, naye akawavumilia. Kwamba Persio hakuwa akisema neno, hilo halikumsumbua. Alimwona ni mchezaji mwenye adabu. Na tangu Agosti hawakuwa wamefungwa hata mara moja.

"Alikufa na nini?"

Ogando akaonyesha kwa midomo. Teódulo akainamisha kidevu ili atazamie sehemu ya juu ya kioo, na nyuma ya duka, kwenye kichochoro cha kwenda kwa Persio, akauona waya wa umeme umelegea mpaka usawa wa kifua cha mtu. Ulikuwa hivyo tangu dhoruba. Watu wa mtaa walipiga simu kampuni ya umeme mpaka wakajua kuuimba ule muziki wa kusubirishwa. Persio alipita hapo na bati la kuezekea mkononi, mvua imetoka kunyesha. Baada ya maziko kampuni ilikuja na gari kubwa. Mafundi walifunga kitambaa chekundu kwenye waya ili uonekane, wakaupiga picha, wakaondoka.

Siku ya maziko Teódulo hakutoa chozi, na watu walimsema sana. Sasa alilia kwa kwikwi mezani, miwani ikajaa maji, karibu na mbali vikawa kitu kimoja. Alimpenda yule mtu kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na hakuwahi kumlilia.

Persio alipoona ameonekana, alikificha kiganja chini ya meza. Kisha akalaza kete zake kifudifudi, moja moja, akaanza kuinuka.

"Ndiyo hivyo," alisema Fefa kwa sauti ya chini. "Ukishajua, wanaaga. Unadhani baada ya matanga tulinyamaza kwa ubaya?"

Teódulo akavua miwani, akaiweka mfukoni. Mbele yake ukarudi ukungu wa bluu, mpana wa mabega, nusu umesimama. Lakini kujua hakuvuliki. Akaona kiti kinasogea nyuma.

"Kaa, kompadre," akasema. "Kaa, tafadhali. Nina sita-sita mkononi na siwezi kumaliza peke yangu."

Alikuwa amemsemesha mwenzake mezani, na kete amemtajia. Ogando aliacha kutafuna. Fefa alisikia vizuri kabisa. Akazitazama kete zake, akazipanga upya, akasema feni ya dukani inapiga kelele kweli siku hizi.

Ukungu ukakaa.

Ysaura alipita na mkate, akaona macho matupu ya mumewe, akafungua mdomo amkumbushe daktari. Kisha akatazama kiti cha mbele.

"Habari za jioni, kompadre," akasema, akaenda zake.

Sasa Teódulo ameizoea miwani. Anashuka kidato bila kufikiri, anasoma maandishi ya chupa za dawa, anawatambua wambea tangu wakiwa kona. Mezani tu ndipo anapoivua na kupapasa, na bado hawafungwi.

Desemba gari la kampuni ya umeme lilikuja tena, wakati mchezo umepamba moto. Mafundi wakamwomba Persio asogeze kiti ili ngazi ipite. Akasogeza. Wakaingia kichochoroni, wakafunga kitambaa kipya, maana kile cha zamani kilikuwa kimepauka, wakaupiga waya picha, wakaondoka.