Jirani wa Milioni Kumi na Sita

Mwaka ule vita vilipofunga barabara ya Uvira, ofisi ya maji ya Baraka ilikuwa na kompyuta moja, betri moja na ufunguo mmoja wa chumba chake. Mkuu wa ofisi, Mama Constance, alisema atakayemaliza programu ya kupima dawa ya kusafisha maji ya tangi ndiye atakayeushika.

Anatole, karani mzee wa ofisi, aliuona ufunguo ule ni wake tayari. Alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka sita. Nani mwingine? Bonaventure, kijana wa pale ofisini, aliyelelewa kwenye nyavu za wavuvi wa Swima?

Programu yake ilihesabu matone ya tangi moja moja hadi milioni ishirini. Kila ilipofika 16,777,216 iliganda. Siku ya tatu betri ilikuwa inalia, na bamama walikuwa wamepanga ndoo nje.

"Kuna muntu aligusa mashine," Anatole alisema, akimtazama Bonaventure.

"Papa, mi sikugusa. Ongeza moja kwa ile namba."

Anatole akaongeza. Namba ikabaki ileile.

"Kwenu Swima, kuongeza moja ni kuongeza bure?"

"Namba za mashine ni kama nyavu, papa. Karibu na sifuri matundu iko madogo, ya ndagala. Ukienda mbali yanapanuka. Moja yako ni ndagala kwenye wavu wa samaki kubwa. Inapita."

Bonaventure akaandika mistari michache: chukua hatua kubwa, uigawe nusu, tena nusu, hadi kuiongeza kusibadili kitu. Hatua ya mwisho iliyobadili ilikuwa mbili. Jirani wa ile namba, basi, alikuwa 16,777,218. Katikati mashine haikuwa na kitu. Akabadili programu ihesabu matone ishirini kwa mara moja, hatua ambayo wavu ule ungeishika. Ikafika mwisho kabla Mama Constance hajamaliza chai yake.

Ufunguo ukaingia mfukoni mwa Bonaventure.

Miaka sitini Anatole alikuwa amekula ndagala, na matundu ya wavu hakuyatazama hata siku moja. Alichukua kofia, akafika mlangoni, akasimama.

"Na sifuri," aliuliza bila kugeuka, "jirani yake iko wapi?"

"Kaa, papa, tutafute."

Hakukaa. Lakini alirudi, akasimama nyuma ya kiti cha Bonaventure, mahali pa kuonea vizuri.