Jibu la Shemasi Ivano

Padre Osvaldo, gombera, yaani mkuu, wa seminari moja milimani karibu na Roma, alibakiza swali moja tu kabla ya kumpitisha Shemasi Ivano apewe upadre Jumamosi.

"Kuna kizuizi chochote? Sema hapana twende zetu, tambi zinapoa."

"Kipo, Padre. Navutiwa na wanaume, tangu utotoni. Sijamgusa mtu."

"Mpumbavu wewe! Nani angejua?"

"Umeniuliza."

"Na Kanisa linasemaje, unajua?"

"Najua. Niheshimiwe, ila upadre nisipewe."

"Mama yako ameshaalika kijiji kizima, mwanangu."

"Nitamwambia mwenyewe."

Osvaldo akachukua kalamu, akaandika kwamba hafai. Kwa miaka thelathini alikuwa akiwapitisha vijana kwa hapana yao fupi, na wengine alijua wanamdanganya. Huyu alikuwa ameacha kitu pekee alichokitaka maishani ili asikianze kwa uongo. Mzee alisisimka mwili mzima, kama aliyesimama mbele ya altare. Akapiga magoti, akavibusu viganja vya Ivano kimoja kimoja, kama waumini wanavyombusu padre mpya siku anapopewa daraja.