Mpira wa Baba kwenye Tanki

Gari la Baba lilikuwa limeandikwa TURBO ubavuni kwa herufi nyekundu, na kila lilipozimika njiani vijana wa kijiji cha Mwembe walikuja kutusomea neno hilo kwa sauti, kana kwamba sisi hatulioni.

Baba aliendesha lori la chama cha ushirika miaka kumi na minane. Alipopunguzwa kazini, alinunua gari hilo la mtumba la Kijapani kwa kiinua mgongo chake chote. Asubuhi aliwashusha akina mama wa Mbaga na mboga zao hadi sokoni Same, mchana aliwapandisha. Kushuka hakukuwa na tabu. Lakini kila tulipopanda, dakika ishirini baada ya kuacha tambarare, gari liliishiwa nguvu, likakohoa, likanyamaza. Baba alishuka, akafungua tanki, akatumbukiza kijiti kupima dizeli kwa sababu geji ilikuwa imekufa, akafunga, akawasha. Likawaka! Likapanda tena kidogo, kisha yakawa yale yale, mpaka akina mama wakashuka kusukuma.

"Linataka kupumzika," alisema Baba.

Jumamosi ile nilikuwa likizo kutoka chuo cha ufundi. Tulipita gereji kwa Swalehe, ambaye alikuwa ameshabadilisha chujio, amepuliza mabomba na kufungua pampu mara mbili. Pale gereji gari liliunguruma saa nzima bila kosa.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba, injinia!" Aliniita hivyo tangu aliposikia nasomea magari, na kila mara alicheka upya. Kisha akamgeukia Baba. "Mzee Melkizedeki, mimi nimemaliza. Ugonjwa ni hii turbo. Jumatatu lete, naing'oa, naziba kwa bati, kwisha."

"Bila turbo halitapanda na mzigo," nilisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Unasemaje, mama?" aliniuliza Baba.

"Hamna kitu."

Nilitamani kujipiga kofi. Miaka miwili chuoni, halafu hamna kitu!

Sokoni akina mama walikuwa wanangoja na vikapu vitupu, unga, mafuta ya taa na sabuni. Redempta, ambaye wote tulimwita Mama Rodgers, alikuwa ndiye msemaji wao.

"Melkizedeki, nakwambia mbele ya mwanao. Wiki iliyopita tumelipa nauli, halafu tumesukuma. Leo tukisukuma tena, kuanzia Jumanne sote tunapanda gari la Asheri."

"La Asheri halina turbo," alisema Baba.

"Ndiyo maana linafika!"

Walicheka mpaka muuza vitunguu wa pembeni akacheka pia. Baba hakucheka. Alimimina dizeli, kisha akafunga tanki kwa namna yake. Juu ya mdomo aliweka kipande cha mpira wa tyubu alichokikata mwenyewe, akaufunika kwa nailoni, akazungusha waya na kuukaza kwa koleo. Mfuniko wenyewe wa tanki aliuhifadhi nyumbani kabatini. Alijifunza hivyo miaka ya vibali, dizeli ilipopatikana kwa barua ya serikali na wezi walipoinyonya kwa bomba la mpira, na madereva wenzake wote wa ushirika walifunga hivyo hivyo.

"Dizeli yangu hata harufu haitoki," alisema, kama alivyosema siku zote.

Mama Rodgers alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma kabisa, nimekumbatia debe la mtu, nikiutazama moshi. Chuoni tulifundishwa kwamba turbo ikifa, injini inakosa hewa, dizeli haiungui yote, na moshi unakuwa mweusi. Tulipita Mwembe, mlima ukaanza, nguvu zikaanza kupotea. Moshi haukuwa mweusi. Haukuwepo kabisa. Injini haikukosa hewa. Ilikosa dizeli, na tanki lilikuwa limejaa.

Hata harufu haitoki. Na kama harufu haitoki, hewa ya kujaza nafasi ya dizeli inayonyonywa itaingia wapi?

Gari likazimika.

"Haya, shukeni, mabibi wa turbo!" alisema mama mmoja, na wengine wakaanza kuguna na kutafuta viatu vyao. Baba alikuwa ameshatoa koleo. Nikaruka chini, nikajigonga mguu kwenye jiwe, nikamfikia kabla hajagusa waya.

"Baba, ngoja. Usifungue."

"Nipime nini sasa kama sifungui?"

Akina mama walikuwa wanatutazama. Ningeweza kulisema pale pale, kwamba kosa ni lake, ameligharimia gari kwa Swalehe wiki tatu kwa sababu ya mpira aliojivunia. Nilikuwa na hasira za kutosha. Lakini nilikumbuka walivyomcheka sokoni.

"Weka sikio hapa kwanza," nilimnong'oneza. "Halafu legeza polepole."

Aliniangalia kama mtu aliyechoka kuangaliwa. Akainama. Akalegeza waya, akainua ukingo wa mpira kwa ukucha.

Tanki likavuta pumzi ndefu, *fyuuu*, na bati lake lililokuwa limebonyea likajirudisha kwa mlio.

Baba hakunyanyuka upesi. Alikuwa dereva, hakuhitaji kuelezwa kwamba malori ya ushirika yalikuwa na tundu jingine la hewa, na hili halina. Alitoa kisu mfukoni, akatoboa mpira katikati, akaufunga tena, akaweka kitambaa chepesi juu kuzuia vumbi. Nailoni akaikunjakunja na kuitia mfukoni.

"Kuna nini?" aliuliza Mama Rodgers.

"Swalehe hajui kazi," alisema Baba. "Pandeni."

Nilirudi nyuma kukumbatia debe langu.

Tulipanda. Kona ya kwanza, ya pili, ile ya migomba ambayo hatukuwahi kuifikia bila kusukuma. Turbo ikapiga mluzi wake mwembamba, na mbele yangu mazungumzo yakageuka kuwa ya bei ya nyanya. Hapo ndipo nilipojua kwamba wamesahau habari ya kusukuma. Mbaga tulifika jua likiwa bado juu. Mama Rodgers alishusha unga wake, akapiga bodi kwa kiganja.

"Jumanne uje mapema. Kabichi zitakuwa nyingi."

Walipoondoka wote, Baba alijishughulisha muda mrefu na kioo kilichokuwa safi.

"Jumatatu upite kwa Swalehe," alisema. "Mwambie turbo haing'olewi."

"Akiuliza sababu?"

"Mwambie limepona."

"Limepona lenyewe, Baba?"

Akafuta kioo. "Wewe ndiye msomi. Tafuta la kumwambia."