Mimba Aliyoitangaza Muhsin

…na Mfaume naye alijua, Mfaume muuza samaki, ambaye juzi tu alimshika mkono akamuuliza, "Bwana Muhsin, mtoto anacheza?" halafu akainama haraka kumkwangua changu aliyekwisha kukwanguliwa, alijua, na mkewe Mfaume alijua, kijiji kizima cha Bweni mpaka kuku wake walijua kwamba tumbo la Asmahani halina mtoto, asiyejua ni mwenye mke, yeye Muhsin, mkwezi asiye na mfano, aliyewahi kuteremka mnazi kichwa chini huku akiimba, na anayebisha akauulize mnazi wenyewe, mzima ule… na sasa kakaa juu ya kibao cha mbuzi uani, anakuna nazi ya uji wa mgonjwa, kumbe mgonjwa, alipoanza kuikuna ilikuwa nazi ya mjamzito, na Bi Mwanaharusi, kungwi aliyemcheza Asmahani unyago, kaketi jamvini mbele yake anasema, tena kwa sauti ya chini kwa sababu ya dirisha la chumba alimolala Asmahani, "…saratani, mwanangu, ilianza kwenye kizazi, sasa imeshika ini, hayo tumboni ni maji, walipompima Dar walikuta imeshakwenda mbali…" Dar! Alikwenda na mdogo wake Shamsa, wakarudi na boti, Muhsin akawapokea Kilindoni kwa bodaboda, akamwambia dereva endesha kama umebeba sahani za harusi, akamuuliza mkewe wamesemaje, Asmahani akasema, "Wamesema nipumzike," basi, hayo tu, mengine akayajaza mwenyewe, si hadithi ndiyo kazi yake, akaona kutapika kwa asubuhi na tumbo linalopanda, mwanamume gani angefikiri vingine, jioni yake barazani akatangaza mimba, akachagua beberu wa akika ya mtoto, akataja jina, Ridhwan, wanaume wakatazama kandambili zao naye akaona ni kijicho, wamezeeka wenzangu, wamechoka, mimi bado! Bado nini… "Unanisikia, Muhsin?" Anamsikia, nani hamsikii, anasikia na nazi inavyolia kwenye meno ya chuma, hebu mtu amwambie, mke unakula naye sahani moja miaka yote hiyo, anakuacha unatembea uchi mjini na yeye ndiye aliyeshika nguo zako, hakusema ana mimba, sawa, hakusema, lakini Asmahani alimsikia mumewe akimtajia Shaibu wa jirani jina la mtoto na akanyamaza, kunyamaza huko ndiko kulikomkata, atamwambia leo, ataingia humo ndani aseme Asmahani umenifanya ngoma ya watoto, umenidhihaki… "Hakutaka kukuficha maisha yote," Bi Mwanaharusi anasema, "alisema, acha kwanza, bado anafurahi," na Muhsin anacheka kwa pua, anafurahi, kama mtoto aliyepewa kifuu achezee wakubwa wakigawana nyama, ndiyo maana alikuwa akimwambia, "Nihadithie tena, huyo mwanao atafananaje," naye anamwaga hadithi, ataogelea kabla ya kutambaa, atakwea mnazi na nepi, mnara wa taa utamwonea gere, Asmahani anacheka anajishika ubavu, anacheka machozi yanamtoka, anasema basi, basi, halafu anasema endelea… ule ubavu, Mola wangu, ule ubavu haukuwa kicheko… "Basi mimi nimevunja kiapo alichoniapisha nisikwambie, kwa ajili ya hii," Bi Mwanaharusi anasema, na kutoka kwenye fundo la kanga anatoa chupa ya plastiki, dawa ya maji, anaiweka jamvini baina yao, "ya maumivu hii, alitoka nayo huko huko Dar, akakataa isilale hapa usije ukaiuliza, anakuja kuinywa kwangu, akizidiwa anaugulia kwangu, analia mpaka anyamaze, ndipo anajifuta anarudi kukupikia, sasa miguu imegoma, juzi hakufika na jana hakufika, nikasema liwalo na liwe," na Muhsin anaitazama chupa, mkono unazungusha kifuu wenyewe, juzi alimkuta kaing'ata ncha ya kanga akamtania, mke wangu una njaa ya kitambaa? akatabasamu nayo mdomoni… kwa hiyo kulikuwa na nyumba nyingine, wako wanaume wake zao huwatoroka kwenda kwa mwanamume, huu ni ugoni wa namna gani, wa kwake alitoroka kwenda kulia, kilio chake kakipeleka kwa watu, hapa kaleta kicheko tu, na nani aliyemfundisha kwamba nyumba hii haipokei ila kicheko, nani huyo, barazani wanamjua, na hilo la mtoto, na vicheko vya Bweni, beberu na kijicho, yote anayaona madogo ghafla, yamekaa mbali, hasira ipo, haikuondoka hata kidogo, lakini imehama, aliyotaka kumwambia sasa hayamo kinywani, anachotaka ni kile kilio, ni haki yake kile, amenyimwa, akilie hapa, kwenye kitanda chake, masikioni mwake… "Muhsin!" sauti kutoka dirishani, nyembamba, "nani huyo anayeongea nawe? Na mbona wewe huongei?" Bi Mwanaharusi anaziba mdomo kwa kiganja, nazi imekwisha siku nyingi, chuma kinakwangua kifuu kitupu, unga mweusi unaangukia juu ya weupe, na yeye anaendelea kukuna, anatafuta, hadithi zote alizonazo zinapita mbele yake na hakuna inayosimama, "Umelala?" "Nipo," anasema, anasubiri neno la pili lije, haliji. "Nipo."