Mkataba wa Siku Moja

Mkataba wangu ulikufa tarehe nane Juni, saa saba na dakika tano mchana, kengele ya mwisho ilipolia. Wanafunzi walitoka mbio wakirushiana vipira vya maji uani, kama wafanyavyo kila mwaka shule ikifungwa, nami nikapita katikati yao na mkoba wangu. Kufika getini nimelowa chapachapa, na sina kazi. Walimu wa kudumu walikuwa ghorofani wanapangiana safari za baharini. Mshahara wao wa Julai upo, wa Agosti upo. Sisi walimu wa muda huzimwa pamoja na taa za madarasa.

Naitwa Nunzia Licitra, mtu wa Ragusa, kusini kabisa mwa Italia. Nimefundisha miaka kumi na moja, shule kumi, na sijawahi kupewa kazi iliyovuka kiangazi. Kila Juni nafukuzwa kwa adabu, kila Septemba naitwa kwa haraka. Ukiniuliza nina hasira kiasi gani, nitakujibu kwamba sasa hivi nimepoa.

Shule hiyo ya kumi ilikuwa katika mji mdogo karibu na Bergamo. Nilibahatika kukaa hapo miaka miwili mfululizo, na kwa miaka yote miwili kazi yangu ilikuwa mwanafunzi mmoja: Noemi Carminati, binti wa miaka kumi na tisa, aliyezaliwa na mwili usiomtii. Mikono haishiki, ulimi hautamki. Akili yake ni wembe. Noemi husema kwa macho. Unashika mbele ya uso wake ubao wa plastiki angavu wenye herufi za rangi mbalimbali zilizogawanywa kwenye pembe; yeye anatazama pembe yenye herufi, kisha alama ya rangi yake, nawe unaitamka herufi. Ilinichukua miezi minne kumsoma bila kukwama. Mwaka wa pili hata ubao nilikuwa siuhitaji, nilimtazama macho tu. Na nilikuwa na sheria moja ambayo sikuivunja: simmalizii neno lake. Hata kama nalijua, nasubiri herufi ya mwisho.

Asubuhi ya tarehe tisa nilikwenda kuomba fao la kukosa ajira. Pale ofisi ya chama cha wafanyakazi yupo Cosimo, mzee mwenye kipara anayetujazia fomu kila mwaka.

"Mbayuwayu wangu, umerudi," akasema. "Mwaka huu mapema."

"Jaza, Cosimo, usinichekeshe."

"Nikikuchekesha ndiyo utalia vizuri ukifika nyumbani. Lete kitambulisho."

Siku tisa baadaye shule ikanipigia. Mtihani wa kumaliza sekondari unaanza, Noemi ana siku mbili za kuandika, na anahitaji wa kumsoma. Wakanipa mkataba wa siku mbili. Nikasaini na kufanya kazi. Noemi alitema insha ya kurasa sita herufi moja baada ya nyingine, na mimi macho yaliniwasha mpaka jioni. Alipomaliza alinitazama akasema, "Umechoka kuliko mimi, na mtihani ni wangu." Tukacheka mpaka msimamizi akatukaripia.

Wiki hiyohiyo fao langu likasimamishwa. Nikarudi kwa Cosimo.

"Imeandikwa hapa: mwombaji ana ajira," akasoma. "Hongera."

"Ajira ya siku mbili, Cosimo!"

"Kompyuta haijui siku mbili. Inajua unayo au huna."

Tulihangaika siku nane kulirudisha lile fao mahali pake. Siku nane za kupiga simu, kusikiliza muziki na kukatiwa. Mwenye nyumba ananiuliza Julai nakaa au nahama, namjibu nitamwambia kesho. Nilikula wali na mafuta mpaka nikauchukia.

Ikabaki siku moja tu, ya mtihani wa mdomo. Huku kwetu jopo la watahini hupiga kura ya herufi, na watahiniwa huanza kuitwa kwa majina ya ukoo yanayoanzia hapo. Mwaka ule ilitoka S, kwa hiyo Carminati akasukumwa hadi tarehe tatu Julai. Tarehe mosi Bi Ornella, karani wa ofisi ya shule, akanipigia. Sauti yake ilikuwa tamu kupita kiasi, nikajua kuna jambo.

"Mwalimu Nunzia, mpenzi, hujambo? Tarehe tatu utakuja, eh?"

"Mkataba uko tayari?"

"Aa, ndicho nilichotaka tuongee. Mkuu wa shule anasema kwa siku moja hawezi. Yupo mwalimu Ghisleni, wa kudumu, analipwa tayari. Kwa karatasi atakaa yeye. Sasa wewe ungekuja tu kama, yaani, kama rafiki. Ukakaa karibu na mtoto."

"Nimsome bure."

"Usiseme hivyo. Na tena ni kwa faida yako, mwenzangu. Ukisaini, fao lako si litasimama tena? Ukija hivihivi, hakuna anayejua."

Hapo damu ilinipanda. Maana alisema kweli, na ukweli wenyewe ndio ulikuwa tusi. Nikifanya kazi nikalipwa, naadhibiwa. Nikifanya kazi bure, niko salama. Na siku mtu akinichongea kwamba nilionekana kazini huku nachukua fao, mwizi nitakuwa mimi, si mkuu wa shule.

"Bi Ornella, mweleze mkuu: bila mkataba, siji."

"Na mtoto je?"

"Muulizeni Ghisleni."

Nikakata simu. Niliamini nimeshinda. Nusu saa baadaye akapiga Mirella, mama yake Noemi. Ni mama anayefanya kazi ya kukunja shuka hospitalini, na kila Ijumaa alikuwa akinipa bakuli la maandazi ya nyama aliyoyakunja kwa mkono wake. Siku hiyo hakusalimu.

"Ghisleni kamshikia ule ubao mara moja tu. Jana. Kaushika kichwa chini, Nunzia."

"Mama Noemi, si mimi niliye..."

"Najua si wewe. Najua wanavyowafanyia. Lakini mwanangu ana saa moja tu ya kusikika maisha yake yote, na wewe umechagua saa hiyohiyo kugombana na mkuu wa shule."

"Ningekuja bure, mwakani wangeniita bure tena. Na yule atakayenifuata, bure."

"Basi ushinde wewe," akasema, "na sisi tufeli." Akakata.

Sikulala vizuri, sitakuficha. Nilimchukia mkuu wa shule, nikamchukia Ornella, nikamchukia Mirella kwa kusema lile ambalo nilishajiambia mwenyewe. Lakini sikupiga simu.

Mtihani wa mdomo huwa wa wazi, yeyote anaweza kuingia akakaa akasikiliza. Tarehe tatu asubuhi nikaenda, nikaketi kwenye viti vya wasikilizaji chini ya dirisha, kama shangazi aliyekuja kushangilia. Mirella alikuwa kiti cha mbele. Hakugeuka.

Watahini walikuwa saba nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti wao alitoka shule nyingine, kama ilivyo kawaida, mwanamke wa nywele fupi nyeupe aitwaye Bonfanti. Noemi alisukumwa mpaka katikati, amevaa blauzi ya njano. Ghisleni akaketi mbele yake na ubao. Safari hii aliushika sawasawa. Ghisleni si mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilitaka mtu wa kumchukia na pale mezani hakuwepo. Alikuwa anatokwa jasho.

Wakampa Noemi picha ya kuanzia, ya wanawake wa kiwanda cha hariri cha zamani. Azungumze kutokea hapo. Noemi akaanza.

"V," akasema Ghisleni. "I. Vi... Vita! Anazungumzia vita."

Noemi akafumba macho. Huko ndiko kusema hapana, na mtoto wa darasa la kwanza angeelewa.

"Ndiyo, vita," Ghisleni akaendelea, kapata mahali pa kushika. "Wanaume walikwenda vitani, wanawake wakaingia kazini..."

Mtahini wa historia alikuwa anaandika. Anaandika maneno ya Ghisleni kama maneno ya Noemi! Noemi alitaka kusema viwanda. Nilimwona akifumbua, anaanza upya, V, I, W, na Ghisleni anamrukia tena katikati, "Viwango? Viwavi?" Mirella aliinamisha kichwa, akashika magoti kwa nguvu.

Nikasema liwalo na liwe. Wachukue siku yangu, wachukue na fao, wacheke. Nikaanza kusimama. Mdomo ulishafunguka.

Noemi akageuza uso akanitazama. Ubao ulikuwa upande wa pili, hakuuhitaji. Macho yakaenda pembe, rangi, pembe, rangi, hewani, kwangu mimi tu.

K. A. A.

Nikabaki nimeinama nusu kama mwenye maumivu ya mgongo. Akarudia, kwa ukali: K, A, A. Nikakaa. Chumba kizima hakuna aliyejua kwamba mtahiniwa amesema neno.

Kisha akafumba macho kabisa, akakataa kuyafungua.

"Kachoka," Ghisleni akasema.

"Hajachoka," alisema mwenyekiti Bonfanti taratibu. "Mwalimu, nakuomba usimalizie maneno yake. Tamka herufi, mwenzako aandike, neno likiisha lisome. Tumpe swali jepesi apumue. Elimu ya uraia. Noemi, binti yangu, katiba yetu inaanza kwa kusema Italia ni jamhuri ya kidemokrasia ambayo msingi wake ni kazi. Unaielewaje?"

Noemi akafumbua macho.

Ghisleni akatamka herufi. Safari hii hakubahatisha, alikuwa ameshaogopa. Mtahini wa hesabu aliandika kwenye karatasi kubwa na kila neno likimalizika Ghisleni alilisoma. Ilichukua dakika kumi na mbili. Kwanza likatoka, "Msingi ni kazi." Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha, "Mwalimu wangu amekaa dirishani." Watu wakageuka. Kisha, "Anajua kunisoma, hana kazi."

Ghisleni akasita. Aliona linakokwenda.

"Endelea," akasema mwenyekiti.

"H," Ghisleni akasema. "U. Y. U." Sauti ilikuwa imeshuka mpaka inabidi ujisogeze. Herufi ziliendelea kumtoka kinywani moja moja, uso mwekundu, mpaka ikabidi aisome sentensi nzima mwenyewe: "Huyu ana kazi, hajui kunisoma."

Mtahini wa historia aliinua kalamu akauliza kama na hilo liingie kwenye kumbukumbu.

"Ni jibu la mtahiniwa," mwenyekiti akasema. "Litaingia lote." Akanitazama. "Wewe ndiye mwalimu wake?"

"Nilikuwa, mpaka tarehe nane Juni."

"Mbona hukai hapa?"

"Sina mkataba. Niliambiwa nije bure, nikakataa." Nilitaka kuishia hapo nikashindwa. "Na nikikaa hapo bila karatasi mimi ndiye nitakayeitwa mwizi, mama. Wanaoniita bure wataitwa viongozi."

Alisimamisha mtihani na kumwita Bi Ornella, aliyepanda ngazi anahema.

"Lakini, mwenyekiti, kwa siku moja?"

"Kwa siku moja."

"Mkuu wa shule..."

"Mwambie mkuu wako kwamba nikifunga mtihani huu bila msomaji anayefaa, nitaandika sababu, na jina la aliyekataa. Achague."

Mashine ya kuchapa ilikuwa chumba cha jirani, tuliisikia ikikohoa. Ornella akaniletea karatasi bado ina joto. Kuanzia tarehe tatu Julai mpaka tarehe tatu Julai. Mwalimu wa miaka kumi na moja! Nilijua fao linasimama tena, nilijua Cosimo atanipa hongera, nilijua mwenye nyumba hatangoja safari hii. Sikuona furaha yoyote. Nilisaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Taratibu, mwenzangu," Ornella akanong'ona.

"Nenda zako, Ornella."

Ghisleni alinyanyuka akaniachia kiti, akanipa ubao kwa mikono miwili. "Samahani," akamwambia Noemi, si mimi, na hapo nikamheshimu kidogo. Mirella alikuwa analia bila kujificha. Nikaketi. Nikauinua ubao, uso wa Noemi ukawa mbele yangu. Nilitegemea macho yale yacheke, kama siku ya insha.

Hayakucheka. Yalikwenda pembe na rangi, haraka, bila kunionea huruma, mtahini kaweka kalamu tayari. Nililijua neno lilipofika katikati. Nikasubiri herufi ya mwisho.

"Umechelewa," nikasoma kwa sauti, wakaliandika.