Kisima cha Sebuleni

Jumamosi moja Shiraz alifunga mapema kiwanda chake cha mafuta ya alizeti, akaoga kuondoa vumbi la mashudu, akatandika magazeti ya zamani chini ya meza ya sebuleni na kuanza kumwaga tangi la samaki. Lilikuwa tangi dogo la kioo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, ambalo binti yake Zara alilinunua akiwa sekondari. Tangu Zara aende chuo Dodoma hakuna aliyelijali. Ndani mlikuwa na kasri la plastiki, mpiga mbizi wa plastiki asiye na mguu, na kokoto za rangi ya waridi zilizoota utelezi. Shiraz aliwavua samaki mmoja mmoja kwa kichujio cha chai na kuwaweka kwenye ndoo ya rangi iliyosafishwa.

Mkewe Fareen alipita na sinia la mchele wa kuchambua, akasimama kumtazama.

"Wenzako wakistaafu wanakwenda Hija," alisema. "Wewe unacheza na matope."

"Sijastaafu," alijibu Shiraz. "Na matope bado sijayaleta."

Alikuwa ameona kwenye simu, kwa maelekezo ya Zara, matangi yaliyopandwa majani ya kweli badala ya plastiki. Chini huwekwa udongo mweusi wenye rutuba, juu yake mchanga, kisha mawe, kisha mimea, na mtu akiwa na subira anapata bonde zima la kijani mezani pake. Zara alimsisitizia mawe. Yawe ya aina moja, yawe ya zamani, na yasikae katikati kama mafiga. Mimea alikwisha kuipata kwenye bwawa moja upande wa Ilongero, akaileta ndani ya mfuko akiwa nyuma ya bodaboda, suruali ikalowa mpaka magotini. Mawe Singida si kitu cha kutafuta, huwezi kuchimba shimo la choo bila kugombana nayo, lakini yote aliyookota yalikuwa makali na mapya. Ndipo alipoyakumbuka mawe ya mdomo wa kisima.

Kisima kilikuwa nyuma ya kiwanda, kwenye pembe ya kiwanja. Mama yake Shiraz alikichimbisha alipofiwa na mumewe, kiwe sadaka isiyokatika. Kila anayechota ndoo, thawabu zake zinamfikia marehemu kaburini, na marehemu akiwa na mtaa mzima unaomchotea hana cha kuhofia. Maji ya bomba upande ule yana chumvi na huacha utando mweupe kwenye masufuria, ila ya kisima yalitoka matamu. Wanawake wa mtaa walichota hapo miaka na miaka, mpaka kamba zao zikachora mifereji kwenye mawe.

Kisha kiwanda kikakua. Malori ya alizeti yakawa yanarudi kinyumenyume katikati ya foleni ya ndoo, na siku moja gurudumu likamkosa mtoto kwa unywele. Wiki ile ile Shiraz alijenga ukuta na kuweka lango la chuma lenye kufuli, kwa usalama wao, na akawaeleza akina mama kwa adabu kwamba ni kwa muda tu. Alifunga pampu ya umeme ili maji yasilale bure, yakawa yanapanda kwenye tangi la juu ya paa la nyumba yake. Akina mama wakahamia kioski cha maji ng'ambo ya barabara kuu, ambako malori ya Rwanda na Kongo hayapunguzi mwendo hata kwa ng'ombe. Tangu hapo ukuta ulikuwa umeshapakwa rangi upya.

Jumamosi ile, basi, Shiraz alifungua lango, akachokonoa mawe matatu yenye mifereji, akajaza beseni udongo mweusi wa pale pale kisimani, akafunga lango. Kufikia magharibi bonde lilikuwa tayari. Alikuwa amelipanga vizuri kwa kweli, mawe upande wa kushoto, majani marefu nyuma, na kijia cha mchanga kilichopinda kuelekea mbele.

Maji yalikuwa machafu mwanzoni. Yalipotulia na kung'aa, asubuhi ya Jumatatu, Damari ndiye aliyewaona kwanza. Damari alifanya kazi pale nyumbani kuanzia asubuhi mpaka jioni, na alikuwa akifuta vumbi kwenye meza ya televisheni. Alisogea, akainama, akarudi jikoni alikokuwa Shiraz akinywa chai.

"Baba Zara, tangi lako lina watu."

"Wangapi?"

"Foleni nzima."

Walikuwa wanawake, kimo chao njiti ya kiberiti, wakishuka kile kijia cha mchanga na ndoo kichwani. Walifika kwenye mawe, wakateremsha kamba palepale penye mifereji, wakavuta, wakajaza, wakaondoka kupitia kwenye majani ya nyuma. Kwamba walikuwa wakichota maji wakiwa ndani ya maji haikuwashughulisha. Samaki walipopita juu yao waliinamisha vichwa kidogo ili ndoo zisiguswe, kisha wakaendelea na maongezi yao. Kufikia alasiri maji ya tangi yalikuwa yamepungua upana wa kidole.

"Yule wa mbele ni mama Eliana," alisema Damari. "Alikufa kwa presha. Mwenye kanga ya njano ni mama yake Lazaro fundi baiskeli, tulimzika mwaka ule mvua ilipokataa. Huyu mnene simkumbuki jina, lakini nilikuwa mtoto nilipomwona akichota hapo."

Shiraz alimtambua huyo mnene. Mama huyo ndiye aliyekuwa akimpa karanga za kuchemsha alipokuwa mvulana, na Shiraz alifurahi kumwona.

Jioni alimpigia Zara simu na kumwambia maji yanapungua.

"Ni kawaida, Papa, ni mvuke."

"Siyo mvuke. Ni wanawake, wanachota."

Zara alifikiri. "Wanang'oa majani?"

"Hapana. Wanayapenya tu."

"Basi waache. Ila ukiongeza maji usichukue ya tangi la paani, yanakaa juani yanapata moto. Mimea haipendi. Chukua yaliyochotwa sasa hivi."

Kwa hiyo kila asubuhi Shiraz alikwenda nyuma ya kiwanda, akafungua kufuli, akachota ndoo moja ya maji baridi kwa ajili ya tangi, akafunga kufuli.

Alikuwa mtu wa mawazo, na jambo hili alilifikiria sana. Tangu ajenge ukuta alikuwa na uzito moyoni juu ya baba yake, kwamba huko aliko pengine anasubiri na hakuna kinachofika. Sasa uzito ulianza kupungua. Kisima kilikuwa kinachotwa tena, na wanaochota ni walewale.

"Unadhani thawabu zinamfikia baba?" alimuuliza Fareen.

"Kwa nini zisimfikie?" alisema Fareen, ambaye mambo ya tangi alikuwa ameyazoea na sasa aliwaonyesha wageni. "Mawe ni yale yale, maji ni yale yale."

Shiraz akaanza kulipanga upya tangi kwa ajili yao. Alipanua kijia ili wanaokuja na wanaoondoka wasigongane. Aliweka jiwe bapa la kuwekea ndoo kabla ya kujitwisha, maana wenye umri walikuwa wakihangaika. Alipunguza nguvu ya pampu ya hewa baada ya kuona mapovu yanaangusha ndoo ya mama Eliana. Alinunua taa inayojiwasha yenyewe alfajiri, ili wasichote gizani. Alifanya yote haya kwa upendo, na hakuna awezaye kusema hakuwa na upendo. Watu wa msikitini walikuja kuona, wakakaa, wakanywa chai ya maziwa, wakasema marehemu baba yake amepata mtoto mwema.

Mama yake Damari aliitwa Anastazia, na alikuwa hai. Damari akiwa kazini mchana kutwa, akiosha vyombo vya Shiraz kwa maji ya kisima, ni Anastazia aliyevuka barabara kuu na ndoo kwenda kioski. Alikuwa amepita miaka sabini na jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Njia yake ilipita kando ya ukuta, na asubuhi nyingi alimkuta Shiraz akitoka langoni na maji yake.

"Shikamoo mama," alisema Shiraz, ambaye hakuwahi kuiruka shikamoo ya mtu.

"Marahaba mwanangu. Wale wa ndani hawajambo?"

"Hawajambo. Ndiyo nawapelekea."

"Vizuri. Wasikose." Akatazama ndani ya lango mara moja, na Shiraz akaweka ndoo chini ili apate mkono wa kufungia kufuli. Kisha bibi akashika njia ya barabarani.

Damari alikuwa ameomba mara nyingi. Hakuomba kisima chote, aliomba lango lifunguliwe asubuhi tu, kabla malori hayajaanza kuingia, ili mama yake asivuke barabara. Kila mara Shiraz alisema tutaona, na kila mara alikuwa anamaanisha. Siku moja Damari aliacha kufagia, akasimama kando ya tangi na ufagio mkononi.

"Baba Zara, wale mle ndani umewapanulia njia. Na hawa wa nje je?"

Swali lilimwingia Shiraz. Alilitazama tangi, akamtazama Damari.

"Wale hawana malori, Damari," alisema. "Mtoto wa mtu akikanyagwa kiwanjani kwangu, nitamtazama nani usoni?"

"Na mama yangu akikanyagwa huko barabarani?"

Shiraz alinyanyuka. Alichukua ufunguo kwenye msumari, akatoka, akafika langoni, na kwa hakika aliuingiza ufunguo kwenye kufuli. Lakini Gerald, msimamizi wa kiwanda, alikuwa akimtafuta. Alizeti ya kwanza ya mavuno ilikuwa imefika kutoka Iramba, malori matatu yalikuwa yamesimama nje yakipiga honi, na hakukuwa na pa kuyaweka. Gerald alisema kwa sauti ya kawaida kwamba huu si wakati wa kukusanya watu hapa. Shiraz aliona Gerald ana haki. Aliurudisha ufunguo kwenye msumari na kumwambia Damari baada ya msimu.

Katikati ya msimu, asubuhi yenye jua, lori lililotoka mpakani halikumwona Anastazia, wala jicho la Anastazia halikuliona lori. Ndoo yake ilikutwa kwenye mtaro, nzima.

Shiraz alilia. Alikaa msibani tangu asubuhi mpaka jioni, juu ya mkeka, pamoja na magoti yake mabovu. Alitoa mchele, mafuta, na gari la kubebea viti. Waombolezaji walikuwa wengi na maji ya kupikia yalikuwa tabu, kwa hiyo alifungua lango mwenyewe, akaamuru pikapu ijazwe mapipa ya maji ya kisima, yakaenda na kurudi mpaka kila mtu akala, akanawa, akanywa. Wazee wa mtaa walimshukuru mbele za watu. Matanga yalipokwisha lango lilifungwa.

Damari aliporudi kazini, Shiraz alimngoja mlangoni. Alikuwa na habari njema na hakujua aianze vipi, akamshika tu mkono na kumpeleka sebuleni.

Anastazia alikuwa mwisho wa foleni. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na kwa namna alivyomtazama samaki aliyepita juu yake ilikuwa wazi kwamba macho yote mawili yanaona.

"Unaona?" alisema Shiraz taratibu. "Hapa hakuna barabara."

Damari alipiga magoti ili uso wake ulingane na kioo. "Shikamoo mama," alisema. Akamsemesha kwa Kinyaturu kwa muda mrefu, maneno ambayo Shiraz hakuyaelewa yote, na machozi yakamshuka. Bibi hakugeuka. Alikuwa anamwangalia aliye mbele yake, asije akaachwa na foleni.

"Nitamjazia kila siku," alisema Shiraz. "Mpaka nife."

"Asante, baba Zara." Damari alisimama, akajifuta uso kwa upande wa kanga. "Na lango?"

"Baada ya msimu, Damari. Si nilikwambia?"

Damari alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaomba ruhusa awe anachelewa kidogo asubuhi, maana nyumbani hakuna mwingine wa kwenda kioski, itabidi avuke mwenyewe kwanza ndipo aje. Shiraz alimruhusu papo hapo. Hakuwa mtu wa kumbana mfanyakazi.

Msimu ulikwisha, ukaja wa mbegu, kisha mashine mpya ikahitaji nafasi ya kugeuzia malori. Majani ya tangi yalistawi mpaka Zara akaomba picha za kuwaonyesha wenzake. Siku moja Damari, aliyekuwa amechelewa kama walivyokubaliana, alikuwa anafuta kioo akasimamisha kitambaa.

Nyuma ya Anastazia palikuwa na ndoo peke yake, ndogo kama punje ya mtama, ya bluu, mpini wake umefungwa waya. Haikuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa ameiacha ishike foleni, kama watu wafanyavyo wakiwa na shughuli mahali pengine, na mwanamke aliyefika baadaye alikuwa amesimama nyuma yake bila kuisogeza.

"Hiyo ni yangu," alisema Damari, akaendelea kufuta.

Shiraz alivaa miwani akaja kuitazama. Ilikuwa imebanwa. Mmea mmoja ulikuwa umetanda mpaka kwenye kijia, na kati ya ndoo na majani hapakuwa na nafasi hata ya mtoto. Alileta mkasi, akaingiza mkono polepole ili asiwayumbishe, akayapunguza majani upande ule, ili mwenye ndoo akifika apate pa kusimama.