Ipyana Hakusimama

Ipyana alipopewa usupavaiza wa chumba cha kushonea, wanawake wa chumba kile walimpigia vigelegele. Alikuwa mtu wao. Alikuja kutoka Tukuyu bila ujuzi wowote, akaanza kama walivyoanza wao, kibarua wa kusimama getini alfajiri akingoja kuitwa. Aliyemfundisha kupitisha kitambaa kwenye cherehani bila kujitoboa kidole alikuwa Bi Mwamini wa Kisarawe, aliyewazidi wote umri.

"Na sisi sasa tuna mtu," Bi Mwamini alisema siku ile, na Ipyana akajiona kama aliyeombewa dua na mama yake mzazi.

Kiwanda chenyewe kilikuwa Zegereni, kikitengeneza magodoro. Meneja wake, Bwana Gregori, hakufungua mkutano bila kusema kwamba pale wote ni familia moja. Ilikuwa familia ya namna yake. Kwenda chooni kulitaka ruhusa ya supavaiza, na supavaiza alitakiwa kujua shida ni nini. Ukiugua, siku hiyo hulipwi. Ujira ulikuwa uleule wa miaka yote, wakati unga, mafuta na kodi za vyumba vilikuwa havimngoji mtu. Anayeuliza aliambiwa atazame getini aone wanaoitaka nafasi yake. Akitazama, kweli walikuwepo.

Mwanzoni Ipyana alijifanya haoni. Mtu akitaka kutoka, alimwashiria kwa kichwa tu, aende. Kisha akaitwa ofisini.

"Watu wako wanatembea mno," Bwana Gregori alimwambia.

"Ni joto la mabati, bosi. Wanakunywa sana maji."

Meneja alifikiri kidogo, akasema kwa upole, "Basi yaondoe maji."

Pipa la maji Ipyana alilibeba mwenyewe, kwa kuwa aliona haya kumtuma mtu. Bi Mwamini alizima cherehani yake, akamtazama mpaka alipotoka mlangoni, kisha akaiwasha tena.

Haikupita wiki, Anifa akaanguka. Alikuwa binti wa Dutumi, mwembamba, mwenye mimba aliyokuwa akiificha kwa khanga mbili, kwani kibarua akishajulikana ni mjamzito haitwi tena. Alianguka kifudifudi kwenye kona ya meza ya kukatia. Gari la kiwanda lilikuwepo, lakini dereva alisema linamsubiri meneja. Ikabidi apakiwe kwenye bodaboda, Bi Mwamini nyuma yake akimshikilia asidondoke. Hospitali walimwokoa mama. Mtoto hakuokoka.

Jioni ya siku ya pili washonaji walikutana kwenye chumba alichopanga Bi Mwamini. Ipyana naye alikwenda, ingawa hakuitwa. Bi Mwamini akamsogezea ndoo akae.

"Jumatatu kwenye mkutano nitasema mimi," Bi Mwamini aliwaambia. "Maji, choo, ujira, na huyu mtoto wa watu. Ninyi kazi yenu ni kusimama tu. Wakituona tumesimama wote, hawawezi kutufukuza wote."

"Ukisimama, na mimi nitasimama," Ipyana alisema.

Bi Mwamini alimgeukia. "Mwanangu, neno hilo usilitoe kama huna hakika nalo. Una mke, una watoto. Ukikaa kimya sitakulaumu. Ila usituahidi."

"Nina hakika, mama."

Alikuwa na hakika kweli. Usiku huo alimweleza mkewe Wema, na Wema, aliyekuwa akikunja nguo za watoto, alimwuliza jambo moja tu: wakifukuzwa kwenye chumba chao cha kupanga pale Mkuza, watahamia wapi. Ipyana alimwambia Mungu yupo. Wema akaendelea kukunja.

Jumatatu ikafika. Washonaji walikaa kwenye mabenchi, masupavaiza kwenye viti vya mbele, pembeni ya meneja. Bi Mwamini alisimama akasema yote, sauti yake haikutetemeka hata alipomtaja Anifa. Alipomaliza, macho ya chumba kizima yakahamia kwa Ipyana. Walikuwa wakimsubiri yeye ndipo wainuke.

Bwana Gregori naye aliyaona macho yale yalikoelekea. Hakukasirika. "Supavaiza," alisema, "wewe ndiye unayekaa nao. Kuna mtu amewahi kukuletea malalamiko haya?"

Ipyana alijaribu kuinuka. Baadaye alijiapiza kwamba alijaribu, kwamba magoti yalimgomea. Lakini magoti hayasemi, na yeye alisema.

"Hapana, bosi. Mimi sijapata malalamiko."

Hakuna aliyesimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshaanza kuinuka alijifanya anaweka sawa gauni lake, akakaa. Bi Mwamini alibaki amesimama peke yake kwa kitambo, kisha akachukua mkoba wake akatoka kabla hajaambiwa. Kesho yake mlinzi alikatazwa kumruhusu kuingia. Unga wake ukawa umemwagika.

Ipyana alikaa na jambo lile mpaka alipopata Jumapili ya mapumziko, akaenda Kisarawe, alikokuwa amerudi Bi Mwamini, kumtafuta. Alimkuta nyuma ya nyumba akimenya mihogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, kaa."

Alikaa. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, tena alitamani atukanwe. Bi Mwamini alimletea chai na muhogo wa kuchemsha, akaulizia hali ya Wema na watoto. Ipyana akashindwa kuvumilia.

"Mama, nimekuja kukuomba radhi."

"Nimekusikia."

"Niliogopa."

"Nilijua utaogopa. Ndiyo maana nilikukataza kuahidi. Wale wenzio wangesimama kama usingekuwepo." Alisema bila hasira, huku akikata muhogo. Kisha akaweka kisu chini. "Nafasi yangu imeshapata mtu?"

"Bado."

"Mchukue Sada." Sada alikuwa bintiye wa mwisho. "Hapa tunakula hii mihogo, na yenyewe inakwisha. Sikuombi kwa kupenda."

"Mama, unajua pale palivyo."

"Napajua kuliko wewe. Utamchukua, humchukui?"

Alimchukua. Sada alifika getini Jumatatu iliyofuata, na Ipyana akamwita wa kwanza, akampeleka kwenye cherehani ya mama yake. Akamweleza taratibu za chumba, ile ya ruhusa ya chooni na nyingine zote, na binti akaitikia kila moja kwa adabu.

"Mama hajambo?" Ipyana aliuliza alipomaliza.

"Hajambo, bosi. Amenikataza kuzungumza na wewe mambo ya nyumbani."

Akainama, akaanza kushona.